Ua la Kiko na Beberu Mweusi

Enyi mliokaa!

— Tumekaa!

Mna masikio?

— Tunayo, mawili mawili!

Nipeni moja. La pili liacheni mlangoni, lisikilize nani anakuja.

— Chukua, twakuachia!

Basi alikuwako mwanamke, si mimi wala si wewe. Ulikuwako mji, si huu wala si ule. Mwanamke jina lake Mwanakheri. Mji jina lake Pangavuli. Na jua la mwaka ule, jamani, jua la mwaka ule halikuwa na huruma. Visima vilitoa tope. Kuku walitweta vivulini. Watu walitazama juu, wakashusha macho, wakatazama juu tena.

Mwanakheri alikuwa amefiwa na mumewe, Shekue, na alikuwa katika eda. Wanaoijua eda wanyamaze, wasioijua wasikie. Mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani ya nyumba yake mpaka muda aliouweka Mungu utimie. Haendi sokoni, haendi ngomani, hajipambi, hajitii manukato. Wanaume wasio ndugu zake hawaingii kwake. Anakaa na Mola wake na ukimya wa nyumba. Na ukimya ule, asikwambie mtu. Unasikia kikohozi cha mtu uliyemzika. Unageuka, hayupo.

Shekue hakuacha ng'ombe, hakuacha shamba. Aliacha mmea. Maana alikuwa mtu wa kupenda mimea kama wengine wapendavyo mbio za ngalawa. Mpita njia alimpa mbegu nyembamba kama magamba ya samaki, akazipanda nyuma ya nyumba, karibu na wigo wa makuti. Ikaota moja. Ikatambaa. Ikapanda wigo, ikazunguka nguzo, ikajitupa juu ya paa la jiko, na majani yake mapana yakawa na umbo la moyo. Lakini ua? Hapana. Msimu ukapita, hakuna ua. Msimu mwingine ukapita, hakuna ua.

Mwanakheri alikuwa akimtania mumewe. "Bwana wee, umetupandia kamba. Tuikate basi tuanikie nguo."

Naye Shekue akijibu, "Subiri, mama. Nimeambiwa ua lake halijapata kuonekana. Siku utakapoliona utacheka mpaka ushike mbavu."

Akafa hajaliona.

Sasa, mji wa Pangavuli ulikuwa na desturi. Mvua ikichelewa sana, watu hununua beberu mweusi asiye na doa. Humzungusha mji mzima huku wakisoma dua, kisha humchinja sadaka, wakaomba. Mwaka ule walimnunua, wakamfunga uani kwa Jumbe Mwinchande, mkubwa wa mji. Jioni alikuwepo, anatafuna. Asubuhi watu wamevaa kanzu, wameshika vitabu vyao, wamefika: kamba tupu.

Eee! Kamba tupu.

Likalia baragumu. Mpiga baragumu wa mji ule alikuwa Feruzi, na kazi yake ilikuwa kutangaza. Kifo, yeye. Harusi, yeye. Aliyepotelewa na mbuzi, yeye. Hana mke, hana mtoto, hana mgeni. Watu walisema Feruzi ni bahili hata wa salamu. Nyumba yake ilikuwa nyuma kabisa ya wigo wa Mwanakheri, makuti kwa makuti.

"Mwenye masikio asikie!" alipiga kelele. "Aliyemla beberu wa mji ametufungia mvua! Jumbe amesema, akijulikana atolewe Pangavuli, asirudi!"

Mwanakheri akasikia akiwa jikoni. Akasema, "Ya Rabi, tusamehe." Kisha akaendelea kuchambua mchele. Halikumhusu. Ndivyo alivyodhani.

Siku zile zile mmea wa Shekue ukatoa tumba. Tumba lenyewe lilikuwa la ajabu, lilining'inia kama bata aliyelala, shingo ameikunja. Mwanakheri akalitazama kila akitoka kutawadha. Asubuhi moja akasikia harufu.

Harufu gani? Ya mzoga!

Akatazama mvunguni mwa kitanda, hakuna kitu. Akatazama nyuma ya mtungi, hakuna kitu. Akatazama kwenye kuni, huenda panya amefia humo, hakuna kitu. Pua ikamvuta mpaka kwenye wigo. Na pale, jamani, ua lilikuwa limefunguka. Pana kama sinia. Rangi yake ya ini lililokatwa sasa hivi, na mishipa myeupe imetapakaa kama ya nyama. Katikati tundu jeusi, na nyuma ya tundu shingo imepinda kama kiko cha mzee. Nzi walikuwa wanaingia tunduni mmoja mmoja kama watu waingiao msikitini.

Mwanakheri akajifunika pua kwa ukaya wa kichwani. "Shekue," akasema polepole, "ndicho hiki cha kunichekesha?"

Hakucheka. Alilia.

Hajamaliza kulia, baragumu likalia nyuma ya wigo.

"Enyi watu! Njooni mnuse! Kwa Mwanakheri kunanuka nyama iliyooza! Beberu wetu yuko humu!"

Watu wakaja mbio. Wakasimama nje ya wigo, wakanusa. Hapakuwa na wa kukana, harufu ilikuwepo. Jumbe Mwinchande akaja, na jasho linamtoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mji mzima unamtazama yeye.

"Mwanakheri!"

"Labeka, Jumbe."

"Nini hiki kinachonuka?"

"Ni ua, Jumbe. Ua alilopanda marehemu."

Watu wakaguna. Ua? Tangu lini ua likanuka mzoga? Feruzi akacheka, "Na kesho atatuambia waridi limembeba mbuzi!"

Vijana wakataka kuvunja wigo. Jumbe akawazuia. "Haiingiwi nyumba ya mwenye eda. Sisi si washenzi. Kesho nitaleta kina bibi, waingie wao, watazame kwa heshima."

Ikawa kesho. Wakaja kina bibi watatu, na bakora zao. Wakatazama mvunguni, hakuna kitu. Nyuma ya mtungi, hakuna kitu. Kwenye kuni, hakuna kitu. Mwanakheri akawapeleka kwenye ua. "Ni hili, bibi zangu. Nuseni."

Wakanusa.

Harufu, hakuna! Ua liko vile vile, pana vile vile, rangi ile ile ya ini. Lakini halinuki hata kidogo.

"Ua hili linanuka maji," akasema bibi wa kwanza.

Bibi wa pili akanusa tena. Bibi wa tatu akamtazama Mwanakheri, kisha akatazama chini kwa aibu, kama mtu aliyemfuma mwenzake. Mwanakheri akaona kule kutazama chini.

Wakatoka. Jioni maneno yalikuwa mji mzima: beberu alikuwamo, naye kamhamisha.

Likaja tumba la pili. Likafunguka, likanuka. Feruzi akapuliza baragumu. Watu wakajaa, wakashika pua. Jumbe akasema, "Kesho kina bibi." Kesho kina bibi wakaja, harufu hakuna. Wakatoka bila kuaga vizuri.

Ndipo Jumbe akaja mwenyewe, akasimama nje ya wigo. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanakheri, mwanangu. Watu hawalali. Mvua haiji. Nimekulinda mara mbili. Kukinuka mara ya tatu, nitawaachia. Utatoka Pangavuli, eda au si eda."

"Jumbe, nitoke niende wapi? Shekue sijamaliza kumkalia."

Jumbe akageuka. Nyayo zake zikaondoka.

Nyie, aliyefiwa ana vitu vichache. Ana kaburi, lakini haruhusiwi kwenda kulikalia. Ana nguo za marehemu, lakini zimegawiwa. Mwanakheri alikuwa amebakiwa na kule kukaa tu. Kukaa ndani ya nyumba ya mumewe mpaka mwisho, amtimizie. Ndicho hicho walichotaka kumnyang'anya.

Akashika kisu. Akaenda kuukata mmea. Usipokuwepo mmea hapatanuka, si ndiyo? Akalishika shina. Shina alilolifunga Shekue kwa kitambaa ili upepo usilivunje, na kitambaa bado kimefungwa fundo lake, fundo la mtu wa mkono wa kushoto. Hakuweza kulikata. Akaketi chini, kisu mapajani.

Akaketi hivyo, anatazama. Alikuwa na kazi gani nyingine? Tumba la tatu lilikuwa limenenepa, mdomo wake umeanza kupasuka. Kesho litafunguka. Akaligeukia ua la pili, lile lisilonuka tena. Mara nzi akatoka kwenye tundu. Akatoka anapepesuka kama mlevi, na mgongoni mwake ana unga wa manjano. Akatoka wa pili, mgongo wa manjano. Akatoka wa tatu, mgongo wa manjano.

Mwanakheri akachungulia ndani ya shingo ya ua. Akaona vinyweleo, vimenyauka. Akakumbuka, siku ua linaponuka vinyweleo vile husimama, vimeelekea ndani. Nzi akiingia harudi. Siku ya pili vinyweleo hulegea, harufu huisha, na mfungwa huachiwa na unga wake mgongoni.

"Hee," akasema Mwanakheri. "Kumbe una jela wewe."

Akamwita jirani yake, Bi Sikudhani, aliyekuwa akimletea maji na mboga. Sikudhani alikuwa na ulimi mrefu na moyo mpana.

"Shoga, nenda kwa Jumbe. Mwambie kesho aje na mji mzima, wasingoje kuitwa na Feruzi."

"Una wazimu? Unakwenda kumwamsha simba umwambie uko hapa?"

"Nenda, shoga."

"Na ukifukuzwa mimi nitamsengenya nani?"

"Nenda!"

Sikudhani akaenda, huku analaumu njia nzima. Mwanakheri akatoboa wigo. Akapitisha tawi lenye tumba, polepole, polepole, mpaka tumba likaning'inia upande wa njia. Yeye hatoki, lakini ua litoke. Kisha akaswali, akaomba. Hakuwa na hakika ya jambo lolote.

Kulipokucha ua lilikuwa limefunguka njiani, mbele ya macho ya watu wote. Na linanuka, Mungu wangu! Watu wakafika, wakanusa, wakarudi nyuma, wakasogea tena. Mtoto mmoja akatapika. Jumbe akaweka pua tunduni, akaitoa haraka machozi yakimtoka.

"Ni ua kweli!" akasema. "Wallahi ni ua!"

Mwanakheri, nyuma ya makuti, akafumba macho. Akashusha pumzi. Akadhani yameisha.

Hayakuisha. Feruzi akasema, "Sawa, Jumbe. Ua linanuka. Lakini beberu yuko wapi? Mtu mwenye akili anayetaka kuficha mzoga atapanda nini? Si atapanda ua linalonuka mzoga? Amefunika harufu kwa harufu!"

Watu wakatazama wigo. Halafu mmoja akasema, ni kweli. Na mwingine akasema, ni kweli. Na wa tatu akasema, ni kweli, atoke!

Mwanakheri akafumbua macho. Akashika nguzo ya wigo. Akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua:

"Jumbe! Natoa mashahidi!"

"Mashahidi gani?"

"Tazama nzi wanaoingia humo. Kesho mchana wataachiwa, kila mmoja na unga wa manjano mgongoni. Watakuwa wameshinda na kulala na njaa, wamedanganywa na ua. Wataitafuta nyama ya kweli. Watakwenda moja kwa moja kwa aliyemchinja beberu. Wakija kwangu, nitatoka mwenyewe, sitangoja kutolewa."

Watu wakatazamana. Feruzi akacheka kuliko wote. "Mashahidi nzi! Haya, kesho tuje na vikombe, tuwape na uji!"

"Kesho," akasema Jumbe. Akaweka wazee wawili pale kulilinda ua.

Mwanakheri hakula. Kila alipokumbuka alichosema alitamani kukirudisha mdomoni. Nzi! Nani amewahi kumwambia nzi nenda, akaenda? Akafunga kibunda chake, ushungi mmoja, msala, na tasbihi ya Shekue. Akakiweka mlangoni. Iwapo atatoka, basi asitoke mikono mitupu.

Mchana wa pili mji mzima ukasimama njiani. Ua likalegea. Akatoka nzi wa kwanza, na mgongo wa manjano. Watu wakasema, "Aaa!" Akatoka wa pili. Akatoka wa tatu, na wengine nyuma yake. Wakapepesuka, wakaruka, wakapotea. Mmoja huku, mmoja kule, mmoja juu kabisa. Jicho la mtu litamfuata nzi mpaka wapi?

Watu wakashusha macho.

"Nawaona mashahidi," akasema Feruzi. "Mmoja amekwenda kusema na jua. Jumbe, tusipoteze mchana."

Nyuma ya wigo Mwanakheri aliinama, akakishika kibunda. Aliangalia fundo la kitambaa kwenye shina. "Nisamehe, bwana," akasema. "Nimejaribu."

Mara akasikia sauti ya Bi Sikudhani, kali kama kengele.

"Ngojeni! Nani ana harusi leo?"

"Harusi gani wewe?" mtu akauliza.

"Nasikia udi! Hamsikii? Udi mwingi, wa kufukiza chumba cha bibi harusi!"

Watu wakanusa. Ua lilikuwa limeacha kunuka, pua zilikuwa huru. Kweli, ulikuwa udi. Moshi ulitoka juu ya paa la nyuma, paa la Feruzi.

"Feruzi," akasema Jumbe, "wewe unafukiza udi?"

"Nina mgeni, Jumbe."

"Wewe una mgeni!" akasema Sikudhani. "Wewe uliyemzika mama yako bila chembe ya ubani!"

"Ni mjomba. Amekuja ghafla."

"Mjomba yupi? Mama yako hakuwa na kaka."

"Ni mjomba wa... wa mbali."

"Haya," akasema Jumbe taratibu. "Mjomba wa mbali hapitwi bila salamu. Twende tukamwamkie."

Nyayo zikaondoka. Mwanakheri hakuweza kuona kitu. Eda ni eda. Alisimama uani, sikio kwenye makuti, kibunda kifuani. Akasikia mlango unasukumwa. Akasikia watu wanakohoa kwa moshi. Akasikia ngazi inaegemezwa darini. Kisha hakusikia kitu, na kutosikia kule kulikuwa kurefu. Alisema, Ya Latifu. Akasema tena, Ya Latifu. Akasema mara ya tatu.

Kikalipuka kicheko cha mji mzima.

Sikudhani akaja mbio, akapenyeza mdomo kwenye tundu la wigo. "Shoga! Tumemkuta mjomba! Ananing'inia darini kwa mguu, kapakwa chumvi, na ngozi yake nyeusi imening'inizwa pembeni!"

"Usinitanie, Sikudhani."

"Nakutania na nini! Na unajua nini tena? Udi umefukuza nzi wote, umebaki mmoja tu. Amekaa juu ya paja, ameng'ang'ania, na mgongo wake wa manjano!"

Mwanakheri akaketi palepale chini. Kibunda kikafunguka, tasbihi ikatoka.

Jumbe akahukumu. Feruzi alete beberu mwingine, mweusi asiye na doa. Na baragumu atanyang'anywa, ila kwanza atangaze mara moja ya mwisho, mji mzima, asiruke nyumba. Akapita mtaa kwa mtaa. Akafika kwenye wigo wa Mwanakheri, sauti imemkauka.

"Mwenye masikio asikie. Aliyemla beberu wa mji... ni Feruzi."

"Hatujasikia!" wakapiga kelele watoto. "Feruzi yupi?"

"Feruzi... huyu."

"Huyu yupi?"

"Mimi, nyie mbwa! Mimi!"

Jumbe, aliyekuwa nyuma yake, akasimama karibu na tundu la wigo. "Mwanakheri, mwanangu. Nilikuwa tayari kukutoa. Niombee radhi kwa Mola wako." Akaenda zake.

Na Mwanakheri, nyuma ya makuti, kitu kikampanda kifuani. Alidhani ni kilio. Kikatoka, kikawa kicheko. Alicheka, akajaribu kujizuia, akacheka zaidi. Nzi kaitwa mahakamani! Mjomba ananing'inia darini! Alicheka mpaka akashika mbavu. Na alipojikuta ameshika mbavu, akakumbuka nani alimwambia atazishika. Akanyamaza. Akaangalia mikono yake ilivyozibana mbavu.

"Ah, Shekue," akasema.

Kisha akainuka, akakirudisha kibunda ndani. Ushungi kwenye kamba, msala mahali pake, tasbihi mkononi. Akaufunga mlango. Akakaa eda yake mpaka ikatimia. Mmea akauacha, na tundu la wigo hakuliziba. Kila ua lilipofunguka watu walishika pua, wakapita, wakasema, "Shikamoo, shahidi."

Na mvua? Beberu alizungushwa, dua zikasomwa. Mvua ni ya Mungu, nami siisemei.

Enyi mliokaa!

— Tumekaa!

Nawarudishia masikio yenu. Na lile la mlangoni, limesikia nani anakuja?

— Limesikia majani tu!

Ni majani tu, au ni matone?

— Hatujui!

Basi fungueni mlango, tukaone.